Dawa ya Ngoma Haitajwi

Jumanne, 12 Mei

Daftari hili lilikuwa la jiografia. Nimechana kurasa tatu za mwanzo zenye ramani za mvua, zilizobaki ni zangu. Naitwa Odeta, nina miaka kumi na sita, niko kidato cha tatu, na kila muhula ripoti yangu inaandikwa neno lilelile: "Ajitahidi kuongea." Mbona naongea sana? Ila ndani kwa ndani. Sasa nitaongea humu.

Jumamosi, 16 Mei

Leo nilikwenda Kisesa kwa Babu Mhoja, baba yake Mama. Mpunga umeshakatwa, na kule mpunga ukishakatwa watu hawapumziki, wanacheza. Babu ndiye kiongozi wa kikundi cha majembe. Wanatimba ardhi kavu, yaani wanaichimba kwa mdundo, wanarusha majembe juu, wanayadaka, wanayazungusha mgongoni, na vumbi linapanda mpaka hujui nani ni nani. Babu ana miaka sitini na tisa. Mwaka jana magoti yalimgomea, akawa anaimba ameketi kwenye gogo. Mwaka huu anaruka kama mbuzi aliyekatiwa kamba. Hata mashavu yamejaa, duara kabisa. Mama anafurahi, anasema baba yake kanenepa.

Mzee Machibya alipita na baiskeli yake akasimama kututazama. Yeye anaongoza kikundi cha upande wa pili. Babu ni Mgika, yeye ni Mgalu, yale makundi mawili ya ngoma ya Wasukuma yanayoshindana tangu zamani, na hao wawili wametaniana tangu kabla Mama hajazaliwa.

"Mhoja! Hayo magoti umeazima kwa nani? Mwenyewe asije akayadai siku ya Nane Nane!"

"Nimemnyang'anya mjomba wako! Na wewe hayo mashavu umeazima kwa nani?"

Siku ya Nane Nane watashindana. Vikundi viwili vinacheza kwa wakati mmoja, kila kimoja upande wake wa uwanja, wala hakuna mwamuzi. Watu wakikimbilia kwako, umeshinda. Mwaka jana wote walikimbilia kwa Machibya, hata mbwa wa Babu.

Baada ya mazoezi Babu aliniita nyuma ya ghala. "Mchumba, njoo nikubebeshe siri." Ameniita mchumba tangu nikiwa natambaa. Akatoa kibuyu kidogo kiunoni, akamimina kiganjani vidonge vidogo vyeupe.

"Dawa ya ngoma. Naifuata kwa mganga wa Busisi, ng'ambo ya ziwa, tangu Januari. Siku hizi daraja lipo, hata uganga umesogea karibu. Viwili kila asubuhi. Nakuonyesha wewe tu, kwa sababu wewe huna mdomo."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Aliniambia sheria ambayo kila mchezaji wa Kisukuma anaijua: dawa ya ngoma haitajwi. Ikitajwa inakufa, na mchezaji anaanguka.

Vidonge vilikuwa na mstari katikati na namba ndogo iliyochongwa. Nilijiuliza mganga amepata wapi mashine ya kuchonga namba ndogo hivyo. Lakini sikuuliza. Mimi siulizi.

Jumapili, 24 Mei

Babu anakohoa. Anasema ni vumbi.

Alhamisi, 28 Mei

Mtihani wa Bayolojia. Niliulizwa kwa sauti tofauti ya bakteria na kirusi. Nilijua. Nilisema "sijui" kwa sababu ni neno fupi.

Jumapili, 31 Mei

Babu bado anakohoa. Anasema bado ni vumbi.

Jumamosi, 6 Juni

Shule imefungwa na Babu yuko kwetu Buzuruga. Mama alimfuata Kisesa mwenyewe, akaacha kwenye cherehani gauni la bibi harusi ambalo mkono wake haujaisha kushonwa. Ana homa, anatoka jasho mpaka shuka linakamulika. Amekonda kila mahali isipokuwa mashavu. Bado ananitania: "Mchumba, usiolewe na mwingine, nitapona." Halafu anakohoa mpaka machozi.

Jumanne, 9 Juni

Hospitali. Tumempata daktari kijana anayeitwa Shamsa. Anaongea haraka na anaamkia kila mzee mpaka foleni inachelewa. Amempima Babu virusi vya UKIMWI, hana. Makohozi yamepimwa TB kwa mashine, hakuna TB. Lakini picha ya kifua ina doa upande wa kulia, kama mtu amemwaga uji.

"Shikamoo tena mzee. Kuna dawa yoyote unayotumia nyumbani?"

"Hakuna," alisema Babu.

Nilitazama sakafu. Ukitazama vigae kwa muda mrefu vinaanza kutembea.

Ijumaa, 12 Juni

Babu amelazwa. Anachomwa sindano za antibiotiki. Kibuyu kiko chini ya mto. Kila asubuhi, nesi akigeuka, viwili.

Jumapili, 14 Juni

Mzee Machibya alikuja na papai kubwa kama mtoto. Wodi nzima ilimsikia.

"Mhoja, amka! Umeona mazoezi yetu ukaamua kuugua?"

"Nimekuja kupumzika. Kukushinda kunachosha."

"Usife kabla ya Nane Nane. Nikishinda kwa kukosa mpinzani watu watasema nimekuroga."

Walicheka wote wawili. Lakini alipotoka nilimwona kwenye korido, amegeukia ukutani, anajifuta uso kwa kofia. Naye mashavu yamemjaa siku hizi. Nilidhani ni uzee unavyofanya kwa wacheza ngoma.

Jumatano, 17 Juni

Sindano hazijafanya kitu. Makohozi ya Babu yalipelekwa kuoteshwa kwenye sahani za maabara, na leo jibu limetoka: siku mbili zimepita, hakuna kilichoota, sahani zimetupwa. Ndivyo utaratibu ulivyo, kwa sababu bakteria wengi huota ndani ya siku mbili. Kaka Obedi wa maabara alileta karatasi mwenyewe. Nilimsikia akimwambia Daktari Shamsa kwamba chini ya hadubini aliona nyuzi nyembamba zenye matawi, kama mizizi ya mche wa nyanya, lakini chache mno.

"Nikadhani ni uchafu tu wa kwenye kioo," alisema.

Daktari akakuna kichwa kwa kalamu juu ya hijabu yake.

Alhamisi, 18 Juni

Nitaandika yote, hata yanayonitia aibu.

Asubuhi Babu alilalamika kichwa kinauma. Daktari Shamsa alisimama miguuni pa kitanda, akafungua faili, akalifunga, akalifungua tena.

"Mama Odeta," alimwambia Mama, "kuna kitu sikioni. Sindano hizi zingekuwa zimeshamsaidia. Na akiendelea hivi nitampoteza, sikufichi. Mzee, nisamehe, nakuuliza mara ya tatu. Hata dawa ya kienyeji? Hata ya kupaka?"

"Daktari, mimi ni Mkristo," Babu alisema. Haukuwa uongo, wala halikuwa jibu.

Daktari akatoka. Nikatoka nyuma yake. Nilimfuata korido nzima, nikapitiliza dirisha la dawa, nikafika mlango wa ofisi yake, nikageuka na kurudi kama mtu aliyesahau mwavuli. Nilifanya hivyo mara tatu. Mara ya nne niliketi kwenye benchi nikafungua daftari hili.

Nilianza kwa Kiswahili: "Shikamoo Daktari. Babu yangu..." Mkono ukakwama. Nikafuta. "Shikamoo Daktari. Babu..." Ukakwama palepale. Kwa Kiswahili mimi ni mjukuu, na mjukuu hamsemi babu yake. Hapo ndipo nilipogundua jambo ambalo sijui kama ni baya. Kwa Kiingereza mimi si mjukuu wa mtu. Kwa Kiingereza mimi ni mtahiniwa. Kuna swali, kuna mistari, unajibu. Nikaandika mistari mitano kwa Kiingereza, mwandiko wangu wa mtihani: vidogo, vyeupe, mstari katikati, namba, viwili kila asubuhi tangu Januari, kutoka kwa mtu wa Busisi, kibuyu chini ya mto. Nikachana ukurasa. Nikagonga mlango, nikampa, sikusema hata "hodi".

Aliusoma akiwa amesimama. Kisha akajipiga kipaji cha uso.

"Mashavu! Jamani, mashavu! Nilidhani mzee wa watu ana sura ya mviringo tu!"

Akanitazama. "Umeandika wewe?"

Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo.

"Umeandika vizuri kuliko barua nyingi za rufaa ninazoletewa."

Alikwenda kitandani, akaketi, akashika mkono wa Babu. "Mzee wangu, nionyeshe kibuyu."

Babu aliweka mkono juu ya mto. "Nani kakwambia?"

"Mashavu yako yameniambia."

Alidanganya kwa ajili yangu, na alidanganya vizuri. Lakini Babu hakuwa anamtazama yeye. Alikuwa anatazama daftari langu, mahali ukurasa ulipochanika na kuacha meno.

"Odeta," alisema.

Katika maisha yangu yote hajawahi kuniita Odeta.

Ijumaa, 19 Juni

Vidonge vya Busisi ni prednisoloni. Daktari anasema ni dawa nzuri ikitolewa na anayejua. Inazima maumivu ya viungo kama maji kwenye moto. Lakini ukiimeza miezi mitano bila mtu kukuangalia, inawalaza askari wa mwili, na vidudu ambavyo siku zote hupita mlangoni kwa heshima vinaingia na kukaa.

Kaka Obedi alirudi kwenye zile nyuzi zake. Nilikuwa dirishani pa maabara nasubiri karatasi ya majibu aliyonituma Mama. Akaniona, akatoka kunieleza, nadhani kwa sababu nasikiliza vizuri.

"Mdogo wangu, unakijua kitenge? Kipo ambacho ukikifua kwa sabuni kali hakichuji hata tone. Huyo ni TB. Tunampaka rangi nyekundu, tunamuosha kwa asidi kali, anabaki mwekundu. Vipo ambavyo hata maji matupu yanavichuja, hao ndio wengi. Sasa huyu wa babu yako ni kitenge cha katikati. Jana jioni sikumwosha kwa asidi kali, nilitumia hafifu. Akabaki na rangi! Nyuzi nyekundu, matawi, vipandevipande kama shanga. Huyo nadhani ni Nokadia. Anaishi kwenye udongo. Kila mtu anamvuta kwenye vumbi, na wala haambukizi mtu kwa mtu. Anangoja tu mtu ambaye askari wake wa mwili wamelala."

"Na kama si yeye?" niliuliza. Niliuliza! Kwa mdomo!

"Ndiyo maana nimechukua makohozi mapya na kuyaotesha upya. Safari hii sahani hazitupwi. Zinakaa wiki tatu. Huyu hana haraka."

Babu ameanzishwa Septrini leo hii, vidonge vikubwa, vingi. Vya Busisi vitapunguzwa kidogokidogo. Daktari amesema haviachwi ghafla, kwa sababu mwili umesahau kutengeneza vya kwake, na mtu anaweza kuanguka.

"Nilisema!" Babu aliruka kitandani, mara ya kwanza kuonekana mwenye afya. "Ikitajwa, mchezaji anaanguka!"

"Akiacha *ghafla*, mzee."

"Ndiyo hiyohiyo."

Kwangu hakusema kitu. Uji nilimnywesha mimi, akanywa, akamshukuru nesi.

Jumamosi, 20 Juni

Sahani, siku ya pili. Hakuna kilichoota. Babu kimya.

Jumapili, 21 Juni

Siku ya tatu. Hakuna. Kimya.

Jumatatu, 22 Juni

Siku ya nne. Homa imeshuka kidogo. Leo amepigwa picha ya kichwa, maana Nokadia akitoka kifuani hupenda kupanda huko. Mama alisali korido nzima. Kichwa ni safi.

Mzee Machibya alipoambiwa alipiga magoti sakafuni, kisha akasimama na kutangaza: "Wamepiga picha kichwa cha Mgika wakakuta kitupu, na wanaita habari njema!"

Babu alicheka mpaka akashika ubavu. Nami nikacheka. Macho yetu yakakutana, akaacha kucheka. Nikaenda kuosha vyombo vilivyokuwa visafi.

Jumanne, 23 Juni

Siku ya tano. Hakuna. Kimya.

Jumatano, 24 Juni

Imeota!

Kaka Obedi alinipigia picha kwa simu. Vidoa vyeupe, vikavu, vimekunjamana, kama mtu amepuliza vumbi la chaki ya mwalimu. Nikamuuliza kama kweli vina harufu, nilisoma kwenye kitabu cha maktaba.

"Sahani hatunusi, ni marufuku, nisikufundishe vibaya. Lakini waliotufundisha sisi walikuwa wanasema ni harufu ya ardhi kavu iliyoguswa na mvua ya kwanza. Jina la ukoo tumelipata. Jina lake mwenyewe tutalitafuta kwenye maabara kubwa, na huko wataangalia na dawa zinazomweza."

Aliingia wodini kumweleza Babu yote hayo, hata habari ya kitenge, polepole, kwa heshima. Babu alifumba macho kama anaonja kitu.

"Kumbe ni udongo wa Kisesa," aliuambia ukuta. "Nimeulima miaka sitini. Mwaka huu umenilima wenyewe."

Niliyaandika maneno hayo haraka mkononi. Babu hutunga nyimbo hivyo, neno moja linaanguka kwanza. Sikuthubutu kumwambia nimelisikia.

Jumatatu, 6 Julai

Shule imefunguliwa. Mwalimu aliuliza nani anaweza kutaja bakteria wa kwenye udongo. Nilinyoosha kidole. Darasa zima liligeuka kana kwamba dawati limeongea.

Alhamisi, 9 Julai

Babu katoka hospitali, anakaa kwetu. Septrini miezi sita au zaidi, maji mengi, kliniki kila baada ya wiki mbili. Na vumbi marufuku. Hakuna jembe, hakuna kutimba.

Anaketi kibarazani na kugonga kiti kwa vidole. Ananiita Odeta. "Odeta, maji." "Odeta, asante." Ningeona nafuu akinitukana.

Jumamosi, 25 Julai

Mashavu yanapungua. Sura ya Babu inarudi taratibu, kwanza pua.

Jumapili, 2 Agosti

Mama: "Baba, msamehe mtoto."

Babu: "Nimsamehe nini? Hakukosea. Ila dawa imekufa na nitashindwa mbele ya Machibya. Mtu ana haki ya kununa."

Jumamosi, 8 Agosti, Nane Nane

Uwanja ulifurika. Babu aliwekwa kwenye kiti, upande unakotoka upepo, na barakoa usoni, kama bwana harusi aliyelazimishwa. Kikundi chake kilicheza bila yeye. Majembe yalipanda, yalishuka, hakuna lililoanguka, lakini hapakuwa na cheche. Upande wa pili Mzee Machibya aliruka, akaanguka kwa makusudi, akaruka tena, na watu wakaanza kukimbilia kwake. Kwanza watoto, halafu kina mama, halafu mbwa wa Babu.

Babu akasimama. Akashusha barakoa kidevuni. Mama akasema "Baba!" lakini alikuwa ameshaanza.

Aliimba kwa Kisukuma, nami naandika nilivyoelewa:

*Nimelima udongo miaka sitini,*
*mwaka huu udongo umenilima.*
*Mlango niliufungua mwenyewe:*
*nilimeza kidonge cheupe,*
*kina mstari katikati, kina namba mgongoni,*
*viwili kila asubuhi.*
*Hiyo ndiyo dawa yangu ya ngoma. Nimeitaja!*

Ngoma za kwetu zikanyamaza. Halafu za upande wa pili zikanyamaza. Hakuna mtu pale aliyewahi kusikia mchezaji akitaja dawa yake. Watu walisimama kumngoja aanguke. Hakuanguka. Akaimba ubeti wa pili, unaohusu kitenge cha katikati, na hapo watu wakakimbia. Walikuja wote, wakiwa na maandazi mkononi, mpaka nikasukumwa mbele kabisa.

Aliyefika wa mwisho ni Mzee Machibya. Alikuwa anahema. Jasho lilichora mistari kwenye yale mashavu yake ya duara.

"Mhoja," alisema kwa sauti ndogo, "chako kilikuwa na namba ngapi?"

Babu akasema. Machibya akaingiza mkono kiunoni, akatoa kibuyu. Kilikuwa ndugu wa kile cha Babu, hata kamba ilikuwa ya rangi ileile.

"Yule mtu wa Busisi," alisema Machibya, "aliniapia ni mimi peke yangu!"

"Hata mimi!"

"Basi leo vinarudi ardhini!" Akainua kibuyu apate kukitupa.

Niliona mkono wake juu. Nilimkumbuka Daktari Shamsa. Na sikuwa na muda wa kutafuta Kiingereza.

"USITUPE!"

Sauti ilikuwa yangu. Ilikuwa kubwa, mbaya, na ilipasuka katikati. Uwanja mzima ulinitazama. Mzee Machibya aliganda na mkono hewani.

"Babu Machibya, shikamoo," nilisema, kwa sababu hata ukimfokea mzee lazima umwamkie. "Usiviache ghafla, utaanguka. Vinapunguzwa kidogokidogo. Twende kwanza kwa daktari. Tafadhali."

Babu akacheka, kile kicheko chake cha zamani cha kabla ya kikohozi, na akarudisha barakoa puani.

"Mmemsikia mchumba wangu?" aliwauliza watu. "Na mimi nilidhani hana mdomo!"

Nilijificha nyuma ya Mama. Nimeandika neno "mchumba" mara sita pembeni ya ukurasa huu kisha nikalifuta, lakini linasomeka.

Nani alishinda haijulikani. Machibya anasema haihesabiki, kwa sababu hata yeye mwenyewe alihesabiwa upande wa Mgika.

Jumatatu, 10 Agosti

Niliombewa ruhusa shuleni, maana Mzee Machibya alisema haendi bila mimi. Na hakuwa peke yake. Kwenye kituo cha mabasi cha Buzuruga tulikuta wazee wengine wanne, wawili wa kwake na wawili wa kwetu, wote mashavu duara, wote wamevaa makoti ya kanisani, kila mmoja mkono kiunoni akishika kitu. Babu alikuja kusindikiza. Alitembea mbele kama mkuu wa msafara.

Walipanga benchi moja kwa Daktari Shamsa, Bagika na Bagalu wamechanganyika. Aliwaamkia mmojammoja. Akafungua faili jipya, akachukua kalamu.

"Haya, wazee wangu. Kuna dawa yoyote mnayotumia nyumbani?"

Wote watano wakageuka wakanitazama mimi.